Sijaleta, Nimeegesha

Mkataba ni posa, Muhanna. Oda ndiyo nikaha:
ina namba, ina tarehe, ina mkono wa mwenye idhini,
na ya mdomo haifungi.

Nilikwambia hayo kwa simu, hapa Ibra, saa tisa ya joto,
jokofu la chanjo limekata roho,
Daktari Raiya anapanga vichupa kwenye barafu
kama anayelaza watoto wa watu.
Mkataba wako unakwisha saa sita usiku.
Bwana Suweid, mwenye sahihi, yuko Maskati matangani.

Ukacheka. "Thuwaiba, neno lako tu lanitosha.
Baba yako na wangu walikula sinia moja, Wete."
Nikajibu: sinia halina nafasi kwenye fomu.

Ukaja hata hivyo.
Pikapu nje ya geti, hatua moja tu nje,
kompresa mgongoni imefunikwa blanketi kama mgonjwa,
na mlinzi ukamwambia:
"Sijaleta kitu. Nimeegesha."

Nikakutolea kahawa na halua, kwa pesa yangu.
Ukakishika kikombe, hunywi.
"Na hii je, ina oda?"

Saa tano na dakika arubaini taa zikakata kona.
Suweid, nguo bado zanukia ubani,
akasaini juu ya boneti ya moto,
kikombe chako kikizuia karatasi isipeperuke.
Ndipo ukawasha gari, ukavuka geti.
Hatua moja.

Leo mkaguzi kaja na kalamu nyekundu.
Namba sawa, tarehe sawa, sahihi sawa;
ila hili duara la kahawia, ni muhuri wa nani?

Nimemwandikia pembeni:
Kahawa. Haikuagizwa.