Mstari wa Kijani

Wiki kumi, walituambia, na posho kila Ijumaa ya pili.
Wiki ya kwanza nilijifunza kufungua kisanduku cha mita
bila kukiachia roho yangu.
Wiki ya pili tukapanda ngazi za jengo la Ridley,
orofa sita za matofali, Chattanooga, Juni,
mimi na Thaddeus wa mwaka wa tatu,
tukibandika vihisi vidogo kama kunguni weupe
nyuma ya makabati, juu ya milango,
penye joto la watu.

Baada ya hapo watu wakageuka namba.
Kila dakika tano, namba.
Saa kumi alasiri jiji zima huwasha viyoyozi
na mchoro kwenye skrini hupanda kama homa;
ndipo transfoma ya mtaa wa nyuma hunguruma,
ndipo Dakta Haugland husema, bila kuinua macho:
"Hapo. Kilele hicho tunakilipia sote."

Kazi yangu: kutafuta nyumba zinazojua kubana.
Nyekundu kwa wafujaji. Njano kwa wa katikati.
Kijani kwa wateule.
Na kati ya nyumba arobaini na nane moja iling'aa,
4C, kijani kibichi,
mstari uliolala chali mchana kutwa wenzake wakiruka.
Nikaiweka kwenye bango la maonyesho ya Agosti.
Nikaandika chini yake: mfano wa kuigwa.

Wiki ya saba kihisi chake kiliishiwa betri.

Alinifungulia Bi. Lurleen Stamps,
miaka themanini na ushei, taulo lililolowa shingoni,
akarudi kitini, akarudisha miguu kwenye beseni.
Joto lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri.
Kiyoyozi kipo, dirishani,
kimetandikwa kitambaa cha kufuma,
juu yake picha za wajukuu na kopo la ua.
"Kile?" akasema. "Kile cha wageni.
Wewe ni mgeni? Nikuwashie?"

Nikasema hapana.
Kisha nikaziona bili kwenye mlango wa friji,
zimebanwa na sumaku yenye umbo la pichi,
kila jumla imepigiwa mstari kwa kalamu ya bluu,
mara mbili,
kama mwalimu asiyeamini jibu.
Nikabadilisha betri. Vidole viliteleza.
Kihisi kikaamka, kikasema
kilichokuwa kinasema tangu Juni
katika safu ya pili, safu ya joto,
ambayo sikuwahi kuifungua:
thelathini na tano.
Thelathini na sita.
Thelathini na tano.

Thaddeus alisema futa mstari huo, utaharibu wastani.
Dakta Haugland alivua miwani, akaivaa tena.
"Bango limeshakwenda kuchapwa," akasema.
Akafika mlangoni, akasimama.
"Wanachapa kesho mchana."

Usiku ule nilitafuta rangi.
Nyekundu si yake. Kijani ni uongo wangu mwenyewe,
nimeutia sahihi.
Kompyuta hii ina rangi milioni kumi na sita
nami nimezipitia mpaka saa nane za usiku
chini ya kiyoyozi cha maabara
kinachovuma pasipo mtu wa kukihesabu,
nikivuta mikono ya sweta
ifunike vidole.