Kamba za Viatu

Februari, nje kidogo ya Tartu.
Kwanza walichukua kamba za viatu,
kisha mkanda, kisha uzi wa kofia ya koti.
Muuguzi Urve aliviorodhesha kwa mwandiko wa mwalimu,
akavitia kwenye bahasha ya kaki, akalamba gundi.
Kaka yangu Kalju alisimama mlangoni
kama mtu aliyekuja kulipa deni la mwingine.

Nikaingia wodi ya pili nikiburuta miguu,
viatu vikinipwaya.
Humu wote tunatembea hivyo.
Ukisikia hatua zilizokaza, ujue ni daktari.

Kila asubuhi huuliza: leo tarehe ngapi?
Mimi, niliyegonga mihuri posta miaka kumi na tisa,
tarehe zote zikipita mkononi mwangu wino ungali mbichi,
nikakosea kwa siku mbili.
Akaandika. Kifuniko cha kalamu yake kilikuwa kimetafunwa.
Hilo lilinifariji kuliko dawa.

Dawa: nyeupe moja, ya manjano nusu.
Fungua kinywa. Inua ulimi. Asante.
Huzuni haiondoki, inasogezwa tu,
kama kabati zito linalohamishiwa chumba cha pili:
unajua lipo, ila hulijikwai tena gizani.

Maimu, wa kitanda cha pembeni, hufuma kwa vidole
maana sindano haziruhusiwi.
Skafu ikizidi urefu wa mkono
Urve huikata, bila neno,
naye Maimu huanza nyingine.
Ana vipande kumi na saba chini ya mto.
Alinipa kimoja. Nakifutia miwani.

Na Endel hungoja basi namba tisa.
Nilidhani ndio ugonjwa wake
hadi nilipochungulia: basi lipo kweli,
hugeuzia hapa, kando ya misonobari, saa nne kasoro kumi,
tupu, taa zinawaka, theluji juu ya paa.
Endel humpungia dereva.
Dereva hupunga.

Usiku kurunzi huja kila nusu saa
kuhesabu pumzi zetu. Mwanzoni niliichukia,
nikageukia ukuta.
Juma la tatu nikajikuta naingoja,
navuta hewa kwa nguvu
ili blanketi lipande, aone.

Hakuna aliyeniambia nimepona.
Walisema tu, Alhamisi, kitanda kinahitajika.

Bahasha ikafunguliwa: kamba za kahawia.
Viatu vyangu vyeusi, na kamba zangu zilikuwa nyeusi.
Nyuma ya bahasha, jina la Endel.
Nilipaswa kusema. Sikusema.
Nikazifunga kwa fundo la mtoto, mara mbili,
nikatoka kwenye baridi
nikapanda namba tisa.

Lilipogeuza nilimwona dirishani, ghorofa ya pili.
Nikainua mkono.
Akapunga.
Si kwangu. Kwa dereva.