Sugu

Kopo lilikuwa la biskuti za siagi,
kifuniko kina picha ya kasri ndani ya theluji,
nasi tuko Mabela, Juni, digrii arubaini na saba,
chuma cha geti hakishikiki.
Humo mama aliweka akiba:
vidonge vinne vya koo la Hilali,
kumi na kimoja vya jino lake mwenyewe,
nusu chupa ya mtoto wa jirani aliyehamia Sohar.
"Dawa haitupwi," akisema. "Dawa ni pesa."

Basi Tambi alipoanza kuhara
(paka wetu, rangi ya tambi za kukaanga,
tulimwokota chini ya gari nyuma ya duka la mshonaji)
mama hakuuliza mtu.
Alisaga robo kidonge kwa mgongo wa kijiko,
akachanganya na jodari wa kopo.
Tambi akala, akajilamba, siku ya pili akapona.
Siku ya pili mama akaacha.
Aliyepona anywe dawa ya nini?

Mara ya tatu, robo ikawa nusu.
Mara ya tano, nusu ikawa kizima.
Mara ya sita Tambi alijikunja nyuma ya mashine ya kufulia,
choo chake kina makamasi na uzi wa damu,
ananitazama kama mdaiwa.

Daktari Remya, mtu wa Kerala,
Kiarabu chake na changu vilikutana njiani vikashikana mikono.
Alichukua choo kidogo kwa kijiti, akasema njoo Alhamisi.
Alhamisi akanionyesha kisahani:
vijidudu vimetanda kama ukungu wa mkate,
na juu yake viduara vya karatasi, kila kimoja na dawa yake.
"Dawa ikiwa na nguvu huacha uwazi pembeni,
kama watu wanaokimbia moshi."
Nikautafuta uwazi.
Vijidudu vilisogea mpaka ukingoni mwa karatasi,
vikaegemea,
kama wanaume nje ya mkahawa na vikombe vya karaki.

Nyumbani nilimtafutia mama neno. Nikasema: sugu.
Akatazama kisigino chake.
Lugha yetu ni bahili, au inajua jambo:
gamba la mguu uliokanyaga vijiwe miaka sabini,
na kijidudu kilichokanyagwa robo robo kisife,
vyote jina moja.
Kinachosuguliwa kila siku hakisikii tena.
"Na mimi ndiye niliyesugua?"
Sikujibu. Kiyoyozi kilijibu, tone, tone, ndani ya ndoo.

Ilikuwepo dawa moja iliyoacha uwazi.
Daktari aliifunika kwa kidole.
"Hii tunawawekea watu. Waliozidiwa."
Akamtia Tambi maji ya mshipa, akaagiza kuku wa kuchemsha bila chumvi.
"Utumbo una wenyeji wake," alisema,
"tuwape nafasi wamtoe mgeni."
Na glavu wakati wa kuzoa. Na sabuni. Na asilale kitandani kwa mtu.

Mwezi uliofuata mama alilazwa,
homa, na mkojo unaochoma kama pilipili.
Karatasi ya maabara niliisoma kabla ya daktari:
majina yale yale ya dawa,
alama zile zile za kushindwa,
na moja tu, chini kabisa, iliyofaulu.
Nani alimpa nani?
Paka alilala mapajani mwake kila alasiri.
Lakini vidonge vya kopo, yeye alivila kabla ya paka.
Na kuku wa sokoni, na mikono yangu mimi,
nani ameviuliza vilikopita?

Kopo nililipeleka famasi, likarudi tupu,
linanukia uchungu bado.

Usiku wa pili wa dripu alifumbua macho.
"Tambi je?"
Yuko hai, nikasema. Kakonda, lakini anakula.
"Alipewa hii?"
Hapana, mama. Hii hakupewa.
Akautazama mfuko ukidondoka, muda mrefu.
"Basi," akasema, "kaniachia."