Kisa cha Mstari

Si kwamba sheria kwangu, ni kitu sikithamini,
Ninayo leseni yangu, naitunza mfukoni,
Na mkanda, si uzungu, nafunga hadi shambani,
Nawapa toka moyoni, kisa cha ule mstari.

Ulipofika msimu, karafuu zaanikwa,
Nyua zote zikatimu, kila pembe ikashikwa,
Mpaka lami adhimu, mikeka ikatandikwa,
Nusu lami yafunikwa, ibaki nusu ya gari.

Nilipakia saruji, toka Chake hadi Konde,
Fundi Faki mhitaji, simu yake kila punde,
Sikuwa mkimbiaji, nashika wangu upande,
Kufika penye kibonde, nikaipunguza gari.

Bi Chumu wa Kinyasini, mkeka wake mpana,
Mpeta, si wa mtini, ni wa kuinama sana,
Mumo ada ya shuleni, na deni la toka jana,
Nikinyoosha, hapana, zitasagwa na tairi.

Kushoto kuna mtaro, umefunikwa magugu,
Kulia ndio mchoro, usiokatika, ndugu,
Mbele kweupe, si kero, si gari wala vurugu,
Bismillahi, Mola wangu, nikauvuka mstari.

Filimbi ikanidaka, toka penye mfenesi,
Nguo nyeupe zatoka, zimepigwa vema pasi,
Sajini hakupayuka, alinena bila kasi:
"Shuka, kaka, kwa nafasi, tuutazame mstari."

Tukasimama wawili, macho yetu kwenye rangi,
Kama wapima pahali, pa kuchimbia msingi,
"Huu," kanena, "kamili, kosa lake ni shilingi
Thelathini elfu. Nyingi? Ndiyo bei ya hatari."

Nikamwambia: "Sajini, tazama nyuma mkeka,
Ungependa niwe nani, wa kusaga na kucheka?
Na mtaro u shimoni, saruji ingemwagika."
Kasikia, kaandika, mkono wake hodari.

"Mwezi jana pikipiki, ilivuka kama wewe,
Naye hakutaka dhiki, karafuu zichezewe,
Leo hapa hakumbuki, mtu, ila haya mawe.
Nilimwokota mwenyewe, adhana ya adhuhuri."

Sikuwa tena na neno, simu ikapata namba,
Ndefu, haina mfano, yataka mtu kuimba,
Hakunyoosha mkono, wala "chai" hakuomba,
Ukikawia huvimba, kwa hamira na sukari.

Fundi Faki kaniona, kashika kiuno hasa:
"Vibarua wasonyana, nawe waingia sasa?"
Ujira tukagombana, akakata bila kisa,
Faini mbili kabisa, kwa kosa moja la gari.

Nilimwendea Bi Chumu, apeta kwa wake ungo,
Sikutaka kulaumu, nikasema, si uongo,
"Ningejua ni hukumu, ningesogeza ukingo."
Kimya, kainama shingo, akachota kwa kadiri.

Kibaba kikafungashwa, gazeti la mwaka jana,
Nikagoma, nikachoshwa, kwa kiapo cha Rabana,
"Hapo ulipokoseshwa, kosa ni letu, kijana,
Faini tutagawana, mkeka nusu, na gari."

Kesho yake nikapita, nikawaona wawili,
Sajini pembe avuta, Bi Chumu pembe ya pili,
Shati jeupe latota, magotini vumbi kali,
Mkeka, japo si mbali, wasogea kwa shubiri.

Faini nimeilipa, risiti i kwenye dashi,
Na kibaba kwenye chupa, chanukia, hakiishi,
Nikiingiwa na pupa, harufu hainipishi,
Nangoja, siharakishi, mkeka upishe gari.

Huu wangu wa kalamu, mstari ninauchora,
Si wa rangi ya kudumu, mvua itaupora,
Uvuke, hauna sumu, wala hauna hasara,
Wa lami una ishara, ya mawe, ya adhuhuri.