Sanduku la Kamusi

Punta Arenas, mwezi wa Juni.
Saa tatu asubuhi na nje bado ni usiku,
upepo unagonga mabati kama mdai.
Ananías ameshasimama mara sita,
ameangusha rula, kifutio, na kiti chenyewe.
Chini ya meza mguu wake unatwanga,
mchi usio na kinu.

Zamani ningemwambia: Tulia.
Nimelitumia neno hilo miaka kumi na tisa,
sijaona lililemtuliza.

Siku hizi nampa sanduku.
Kamusi kumi na mbili, majalada magumu:
"Mpelekee mwalimu Ulloa, ghorofa ya juu."
Ngazi thelathini na nne.
Ulloa hupokea, hushukuru kwa uso mkavu,
na robo saa haijaisha hukumbuka
kwamba hazihitaji tena.

Anarudi akihema, masikio mekundu,
anakaa.
Anakaa!
Anagawanya mia tatu na kumi na mbili kwa nane,
ulimi nje, penseli haina haraka.
Na mguu? Umelala kama paka jikoni.

Wenzake nao wameanza kunyoosha mikono:
hakuna atlasi ya kupeleka popote?

Mkaguzi aliniuliza hii ni mbinu gani.
Nikamjibu: uchukuzi.

Jana, mlangoni, sanduku kifuani,
Ananías akaninong'oneza:
"Mwalimu, najua hakuna anayezisoma."
Nikakosa pa kutazama.
"Ila zimekuwa nyepesi.
Ongeza mbili."