Mshikio wa Upinde

Tuire anakwangua vanishi kwa kisu cha samaki,
pale palipong'arishwa na kiganja cha marehemu.
Si mbetula. Si msonobari.
Mwekundu kama ini, mzito kuliko ukubwa wake.

Osmo wa jirani ananusa: "Mti wa waridi."
Ananusa tena: "Au msaji."
Osmo na "sijui" hawajawahi kukutana.

Basi Tuire anatia unga wa mti glasini, maji juu,
anaisogeza dirishani kwenye mwanga wa theluji:
buluu!
Buluu ya jiko la gesi lililopunguzwa.
Mninga, au ndugu yake.

Veikko, uliyepakua meli Kotka miaka thelathini
na hukupanda hata moja,
kreti ya nani uliivunja?

"Nilisema mimi," asema Osmo.
Tuire hayamwagi maji.