Redio ya Mama Inasema Sifuri

Kwenye simu yangu anaongea.
Kwenye kompyuta ya Ejotre, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli,
anaongea, tena kwa sauti ya kujaza kichochoro.
Lakini nimemfikisha nyumbani,
nimeichomeka flashi kwenye redio ya mama,
ile nyeusi aliyoinunua kwa pesa za tumbaku,
na redio imenikodolea macho mekundu:
sifuri, sifuri, sifuri.

Mama ameketi na shuka jipya mabegani
kana kwamba mgeni yuko mlangoni.
"Amekataa?" anauliza.
Hakusema imekataa.

Nikaichomoa, nikaipuliza.
Sijui kwa nini binadamu hupuliza kila kisichomtii.
Nikazima, nikawasha.
Nikalifuta jina refu nililoipa faili kwa mahaba,
Baba Onzima kanda ya mwisho upande A safi kabisa,
nikaandika BABA,
herufi nne, kama mtoto anayejifunza kuandika.
Sifuri.

Nikarudi mjini Arua, flashi ndani ya soksi.
Ejotre akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Flashi hii ni kubwa, imepangwa kisasa.
Redio yenu inajua mpango wa zamani tu.
Ni kama kumpa bikizee barua yenye mwandiko wa daktari."
Akaifuta yote, akaipanga upya.
Kisha akakiri, akitazama kucha zake,
kwamba siku ile foleni ilikuwa ndefu,
hakuigeuza sauti kuwa MP3.
Alibadilisha herufi za mkiani, basi.
Simu zina akili: huchungulia ndani, husamehe.
Redio ya nyumbani husoma jina, huamini,
hufungua mlango, hushtuka.

Nikamwambia, "Fisi hata ukimbatiza Petero,
Kwaresima hafungi."
Akageuza kweli safari hii,
kiwango cha mia na ishirini na nane, bila pupa,
na hakunitoza hata shilingi.

Jioni redio ikaandika moja.

Mvumo wa utepe, kama mvua juu ya bati la jirani.
Kikohozi. King'ora cha kiwanda cha sukari,
kule upande wa Jinja alikokata miwa miaka sita
akituma kanda badala ya barua,
maana nyumbani hapakuwa na msomaji.
Kisha baba mwenyewe, Kilugbara cha haraka haraka,
akiuliza kama mbuzi amezaa,
kama Candiru ameota meno.
Candiru, dada yangu mwenye mvi,
akafunika mdomo.

"Zima," mama akasema.
"Huyu si yeye. Huyu anakimbizwa.
Nilikaa naye kambini kwa wakata miwa misimu miwili.
King'ora kile kilinguruma kama fahali aliyefungiwa.
Hiki ni filimbi ya refa."
Na mwanamke ambaye hajagusa kompyuta maisha yake yote
akafumba macho, akakitoa king'ora kooni mwake,
kizito, kirefu,
hata kuku wakanyamaza.

Nikakirekodi kwenye simu.
Kwa Ejotre, mara ya tatu.
Mota ya redio kaseti yake ilikuwa inakimbia
na yeye hakuwahi kujua: wateja wote walikuja na nyimbo,
na nyimbo zikichangamka kidogo nani atalalamika?
Tukaweka king'ora cha mama sikio hili,
king'ora cha kanda sikio lile,
akapunguza mwendo, nukta, nukta tena,
akapitiliza, akarudi,
mpaka viwili vikawa kimoja
na Ejotre akavua kofia, sijui kwa ajili ya nani.

Sasa redio inasema moja.
Sasa baba anatembea ndani ya maneno yake
kama mtu aliyevaa gambuti shambani baada ya mvua.
Anauliza, taratibu, kama mbuzi amezaa.
Mama anachambua maharage.
Hainui kichwa.
"Wawili," anamjibu. "Mmoja alikufa."